Asilimia, insha na mlango wa kitivo cha tiba

Binti mmoja niliyemfundisha Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alinijia nyumbani jioni moja, akiwa na karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya daftari. Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kikuu cha nje, na chuo hicho kilimtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe sababu ya kutaka kuwa daktari. Karatasi ya kwanza ilianza kwa mlio wa risasi usiku, mama analia, na msichana mdogo amejificha chini ya kitanda akiapa kwamba akiiona asubuhi atakuwa daktari. Ya pili ilisimulia jinsi alivyokuwa akimsindikiza nyanya yake, ambaye hajui lugha nyingine ila Mashi, hadi kituo kimoja cha afya huko Kadutu ili amtafsirie kwa muuguzi. Siku moja mzee alisema moyo wake unawaka. Mjukuu akatafsiri neno kwa neno, na muuguzi akaanza kuandika habari za ugonjwa wa moyo. Hapo binti akasita, akamwomba nyanya aonyeshe kwa kidole mahali penyewe panapowaka, na kidole kikashuka chini ya kifua hadi tumboni, juu kidogo ya kitovu.

Nilimwuliza ipi ni yake.

"Ya pili, Papa Mwalimu," akajibu bila kuniangalia. "Ile ya kwanza ni ya jirani yetu. Lakini wameniambia kule wanataka kitu cha nguvu, na hii ya nyanya si kitu."

Jibu hilo lilinikuta wakati ambapo sisi walimu, tukiwa mezani baada ya kusahihisha mitihani, tulikuwa tumeanza kubishana juu ya jambo la ukoo mmoja na hilo: je, vitivo vya tiba vya Bukavu, Goma na Lubumbashi navyo viwatake waombaji waandike insha ya kujieleza, badala ya kutazama asilimia ya mtihani wa kumaliza sekondari peke yake? Baadhi yetu wanaona huko ndiko ulimwengu unakokwenda, na kwamba tumechelewa. Wengine wanaona ni anasa ya nchi zenye ofisi na muda. Mimi nilianza nikiwa upande wa kwanza, kwa kuwa ni mwalimu wa lugha na napenda insha. Leo siko tena huko, ingawa sijahamia moja kwa moja upande wa pili.

Kwanza kitu chenyewe. Nchini Marekani, ambako mtu husomea udaktari baada ya kumaliza shahada ya kwanza, maombi ya vyuo vingi hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Humo mwombaji hupewa nafasi ya herufi 5,300, pamoja na mianya kati ya maneno, aeleze kwa nini anataka kwenda shule ya udaktari. Swali ni hilo tu. Uingereza, ambako kijana huingia tiba moja kwa moja kutoka sekondari kama kwetu, kipimo ni herufi 4,000 kupitia mfumo wa UCAS. Kwa miaka mingi herufi hizo zilikuwa insha moja isiyogawanyika, lakini kwa wanaoingia chuoni mwaka 2026 zimegawanywa katika maswali matatu: kwa nini umechagua somo hili, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Ufaransa, katika mfumo wa Parcoursup ulioanza mwaka 2018, kijana hueleza mpango wake wa masomo kwa herufi 1,500, ambazo hata ukurasa mmoja haziujazi.

Kwetu mambo ni mengine. Anayetaka tiba hupeleka diploma yake ya Leta, yaani ya serikali, yenye asilimia aliyoipata katika Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na baadhi ya vyuo humpa pia mtihani wa kuingia. Barua ipo katika faili, ndiyo, ile ambayo mji mzima huiita "letre", iliyoandikwa kwa mkono na kuelekezwa kwa Bwana Rekta, mkuu wa chuo. Huanza kwa kusema kwamba mwandishi anayo heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yake ya juu ili kuomba kile kilichotajwa hapo pembeni, na humalizika kwa shukrani za mapema. Kila mwenye kibanda cha fotokopi karibu na chuo ana mfano wake, na kwa pesa kidogo anakuruhusu kuunakili. Siidharau barua hiyo. Ina adabu yake, na kijana anayejua kumwandikia mkubwa hajapoteza kitu. Lakini ukiyafunika majina, barua mia moja ni barua moja. Kazi yake ni kuifanya faili itimie, na wala hakuna anayeisoma ili kuchagua.

Kwa hiyo, wanaotetea insha hawana hoja nyepesi. Mwenzangu anayefundisha biolojia, ambaye amewatuma vijana wengi kwenye tiba na amewaona wengi wao wakirudi, huanza na asilimia yenyewe. Asilimia, anasema, inampima kijana pamoja na shule yake, maabara ya shule yake, na umbali kati ya nyumba yake na taa. Mtoto wa shule kubwa ya mjini aliyepata 74 na mtoto wa vijijini huko Kalehe au Walungu aliyepata 61 bila kuwahi kuweka jicho kwenye darubini hawakushindana mbio moja, ila karatasi ya Leta inawaonyesha kana kwamba walianza mstari mmoja. Insha ingempa huyu wa pili mahali pa kusema kile ambacho namba yake haiwezi kukisema.

Hoja yake ya pili inauma zaidi, kwa sababu inagusa familia zetu. Katika koo nyingi za hapa mtoto mwenye asilimia ya juu hajiulizi atasoma nini, ameshapangiwa. Baba amesema daktari, wajomba wamechanga, mama ameshaanza kuitwa Mama Dokta sokoni kabla kijana hajalipa hata frenki ya kujiandikisha. Mwenzangu amewaona vijana wa namna hiyo wakifika mwaka wa pili, siku ya kwanza mbele ya maiti ya mafunzo, na kugundua hapo kwamba hawakuwahi kuulizwa. Insha, anasema, hata kama ingeandikwa vibaya, ingemlazimisha kijana kukaa peke yake na swali hilo walau usiku mmoja. Sijapata namna ya kuipinga hoja hiyo, na sitajaribu.

Kisha, kama ilivyo kawaida ya mazungumzo ya udaktari katika mji huu, hutajwa Denis Mukwege, daktari wa hapa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste hapa Bukavu, na yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyofuatana naye, akiwa mtoto wa miaka minane, kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Akamwuliza baba kwa nini anaomba tu bila kutoa dawa. Baba akajibu kwamba dawa ni kazi ya daktari. Mtoto akaamua hapo atakachokuwa. Mwenzangu husimulia habari hiyo kisha hunyamaza, kana kwamba mjadala umekwisha: hiyo ndiyo insha, na hakuna asilimia ingeweza kuionyesha.

Wengi huishia hapo, lakini maisha ya mtu huyo hayakuishia hapo. Baada ya sekondari alikwenda Kinshasa kuanza masomo ya uhandisi, na ndipo baadaye akaelekea Burundi kusomea tiba, akahitimu mwaka 1983. Alikusudia kuwa daktari wa watoto. Akapangiwa hospitali ya Lemera, kusini mwa Bukavu, na huko ndiko alikowaona wanawake wakifika katika hali mbaya, au wasifike kabisa, kwa sababu ya uzazi. Akabadili nia, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na kazi aliyoifanya humo ya kuwatibu wanawake waliobakwa ndiyo iliyompa Nobeli ya Amani mwaka 2018. Kisa cha miaka minane kilikuwa cha kweli, tena kizuri. Ila jambo ambalo ulimwengu unamjua nalo hangeweza kuliandika akiwa na miaka minane, wala kumi na minane, wala siku alipohitimu. Jopo ambalo lingemwita alipomaliza sekondari lingemkuta kijana anayejiandaa kuwa mhandisi.

Mwenzangu alinijibu, na kwa haki, kwamba jopo halitafuti unabii. Linataka kuona tu kama kijana anaweza kujitazama na kufikiri juu ya alichokiona. Nakubali. Swali linalobaki ni kama insha iliyoandikwa nyumbani, bila shahidi, na kusomwa haraka na mtu asiyemjua mwandishi, inaonyesha hilo.

Hapa waliotutangulia wanatufaa zaidi kwa makosa yao kuliko kwa mafanikio yao. Mwaka 2007 UCAS ya Uingereza ilizipitisha insha zipatazo 50,000 katika programu ya kompyuta inayotafuta sentensi zinazofanana. Ikakuta waombaji 234 waliosimulia kwamba, wakiwa na miaka minane, walitoboa pajama zao kwa moto walipokuwa wakichezea vifaa vya kemia. Watoto mia mbili na zaidi, pajama moja. Mfano huo ulikuwa umewekwa kwenye intaneti kama insha nzuri, na kila aliyeiona aliuvaa moto uleule. Wengine 175 walikuwa na babu mzee au mgonjwa, na hapo nadhani programu iliwaonea baadhi yao, kwa kuwa babu wagonjwa wapo kweli. (Angalia pia kwamba ni miaka minane tena, inaonekana umri huo unapendwa na wasimulizi, wakweli na waongo.) Tulicheka sana mezani siku ile, hadi mmoja wetu alipouliza kama pajama hizo zina tofauti yoyote na mfano wa barua unaouzwa kwenye kibanda cha fotokopi. Tofauti ni moja: barua yetu haidai kwamba ni siri ya moyo wa mtu.

Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotoka, hata kunakili hakuhitajiki tena. Mashine inakuandikia kisa ambacho hakuna programu itakayokikuta kwa mwingine. Vijana wa hapa wenye simu na "megabaiti" za kutosha wanajua hilo kuliko walimu wao. Nimeletewa insha tatu katika miezi michache ambazo Kifaransa chake hakikuwa na kosa hata moja la koma. Mimi niliyewafundisha waandishi wake koma nilijua mara moja.

Lakini udanganyifu haunitishi kama jambo la pili. Mwaka 2012 Steven Jones wa Chuo Kikuu cha Manchester alizilinganisha insha za waombaji waliokuwa na matokeo yaleyale ya mitihani, wengine kutoka shule za kulipia, wengine kutoka shule za serikali. Wa kwanza waliandika kwa usafi zaidi na waliweza kutaja nafasi za kujifunza kazi katika makampuni na ofisi za wakubwa. Wa pili walikuwa na makosa mengi zaidi ya maandishi, na walichoweza kutaja ni kazi ya dukani au ziara ya shule. Yaani chombo ambacho mwenzangu wa biolojia anataka kimwokoe mtoto wa Kalehe, huko kilikotumika kwa muda mrefu kilimsaidia zaidi mtoto wa mjini. Ukilileta hilo hapa kwetu, picha inajichora yenyewe. Mtoto ambaye mjomba wake ni daktari ataazimwa koti jeupe, atapitishwa wodini majuma mawili, kisha mjomba huyohuyo ataisahihisha insha. Mtoto wa Walungu atakuwa amelea wadogo zake watano na kumbeba mmoja mgongoni hadi zahanati usiku, naye hataandika hata neno moja juu ya hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho ni kitu. Binti yangu wa karatasi mbili alikuwa tayari ameanza kukitupa.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, na ambalo wenzangu wa Uingereza au Marekani pengine hawalioni kwa ukaribu tunaouona sisi. Insha inapoomba kitu kitakachomgusa msomaji asiyekujua, nayo ikatumwa kutoka Kivu, msomaji tayari ana picha akilini: vita, ubakaji, kambi, mtoto yatima. Kijana anajua kwamba msomaji ana picha hiyo. Basi anampa. Wengine wanayo ya kutoa, tena zaidi ya picha. Wapo waliopitia mambo ambayo sitayaandika hapa, na sioni kwa nini wanyamaze ikiwa wanataka kusema. Ila kutaka kusema ni jambo moja, na kulipa kiingilio kwa jeraha ni jingine. Nimemwona kijana mwenye kidonda cha kweli akikirudia mara nne katika rasimu nne, kila mara akiongeza damu kidogo kwa sababu aliyemshauri alimwambia bado haijagusa. Rasimu ya nne haikuwa tena habari yake. Na nimemwona mwingine, ambaye kwa bahati njema maisha yake yalikuwa ya utulivu, akiona aibu kwa utulivu huo, akaenda kuazima usiku wa jirani.

Kuazima huko ndiko kunakohusu udaktari moja kwa moja. Daktari huapa kutunza siri ya mgonjwa. Je, tunamfundisha nini kijana ambaye hatua yake ya kwanza kuelekea kiapo hicho ni kuchukua habari ya mwenzake, aliyoisikia ukutani, na kuiuza ili afunguliwe mlango? Katika mji wenye Panzi, ambako wanawake wengi wameshapigwa picha, wakahojiwa na kusimuliwa na wageni, swali hilo si la darasani tu. Nimesoma rasimu iliyomtaja mgonjwa kwa jina la kijiji chake, idadi ya watoto wake na siku aliyofika hospitalini. Mwandishi alikuwa mwema, alitaka kumheshimu. Nilimwuliza kama mama huyo anajua kwamba ameandikwa. Hakuwa amelifikiria.

Wenye kupinga insha wakifika hapa husema: basi tubaki na asilimia. Nao siwafuati, kwa kuwa kati ya namba tupu na insha ya nyumbani kuna njia ambazo wengine wameshazikanyaga. Ubelgiji, ambao vyuo vyetu vimezoea kuutazama, haukuchagua insha. Katika sehemu yake inayosema Kifaransa, tangu mwaka 2017 anayetaka tiba hufanya mtihani wa kuingia, ambao tangu 2023 umekuwa wa kushindania idadi maalumu ya nafasi. Nusu yake ni sayansi. Nusu nyingine humtaka asome, afikiri, atambue swali la maadili lililofichwa ndani ya kisa, na aonyeshe kama anaelewa anachohisi mwingine. Kisa ni kimoja kwa wote, chumba ni kimoja, saa ni ileile, na hakuna anayeulizwa ameteseka kiasi gani. Kanada, wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster walieleza mwaka 2004 njia yao ya mahojiano mafupi mengi: mwombaji hupita katika vituo kama kumi, kila kimoja dakika nane, na kila kimoja kina mtathmini wake na hali yake. Hapa mweleze mtu habari mbaya. Pale amua ufanye nini ukimwona mwenzako anadanganya katika mtihani. Mtathmini mmoja akikuchukia au akikupenda bure, wengine tisa wanamrekebisha.

Mtu atasema hayo ni ya matajiri, kwa hiyo tuhesabu. Tuchukulie kitivo kina faili 800. Insha moja ikisomwa na watu wawili kwa dakika kumi kila mmoja, ni zaidi ya saa 260 za kusoma, na bado hujui nani aliandika. Ukiwachekecha kwanza kwa asilimia na mtihani hadi wabaki 200, kisha ukawapitisha kumikumi katika vituo kumi vya dakika nane, unapata mizunguko 20 ya dakika 80. Bila mapumziko ni kama saa 27, yaani siku nne za kazi kwa watathmini kumi. Ni mzigo, ila ni mzigo unaobebeka, na vituo havihitaji umeme. Hata lugha inapata nafasi yake. Kituo kimoja kinaweza kuwa na mama anayejieleza kwa Mashi au kwa Kihavu, na mwombaji aliyefundishwa tumbo kwa Kifaransa miaka sita aonyeshe jinsi atakavyojua linauma wapi.

Historia yetu wenyewe inanielekeza upande huo. Mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Ilikuwa na wasaidizi wa madaktari, watu waliokuwa wametibu kwa miaka mingi bila cheo hicho. Shirika la Afya Duniani liliwapeleka makumi kati yao Ufaransa kukamilisha masomo, wakarudi madaktari. Hakuna aliyehitaji kuwauliza kwa nini wanapenda wagonjwa. Walikuwa wametoka wodini.

Ndiyo maana, kama ningeulizwa, insha nisingeiweka mlangoni. Ningeiweka mwisho wa mwaka wa kwanza, baada ya kila mwanafunzi kukaa majuma mawili katika kituo cha afya, si kwa koti jeupe bali kwa ndoo na machela. Iandikwe ndani ya oditware, ukumbi wa mihadhara, kwa mkono, kwa saa moja, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, na swali liwe dogo: eleza jambo moja uliloliona usilolielewa, na ulichofanya ili ulielewe. Asitajwe mgonjwa kwa jina wala kwa alama. Isipewe alama ya kumfukuza mtu. Isomwe na mwalimu atakayekaa na mwandishi wake wakaizungumze. Mwenzangu wa biolojia alisikiliza, kisha akaniuliza kuhusu yule kijana aliyepangiwa na wajomba: nikimgundua mwisho wa mwaka wa kwanza, ada zimeshalipwa na mashamba yameshauzwa, nitamwambia nini? Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilisema kwamba mwaka mmoja ni nafuu kuliko sita, akasema hiyo si hesabu ya kumpelekea baba yake kijana.

Na binti? Chuo alichokiomba kilikuwa na sheria zake, na hakikusubiri mimi na wenzangu tumalize ubishi. Tulichukua karatasi ya pili. Alipoimaliza alikuwa na herufi kama 900 zilizobaki, na mkono wake ulikuwa unazirudia risasi. Nikamwuliza kama vita vimewahi kumgusa yeye na nyanya yake kuhusu habari hii hii ya dawa. Akafikiri, akasema kwamba yapo majuma matatu ambayo njia ya kwenda kituoni haikupitika, naye akawa anavihesabu vidonge vya mzee kila asubuhi, akimpa kimoja badala ya viwili ili visikatike, bila kujua kama anatenda vema au vibaya; hadi leo hajui. Hilo likaingia, kwa sentensi mbili. Malipo ya maombi yalitoka kwenye kadi ya binamu yake aliyeko Kampala, kwa sababu hapa mabenki yalikuwa yamefunga milango tangu Februari 2025.

Kabla ya kutuma nilimwomba akamwulize nyanya kama anakubali habari yake isomwe na watu wa mbali. Alirudi kesho yake akicheka. Mzee amekubali, akasema, ila ametaka kwanza asomewe yote kwa Mashi, na ameagiza waandike wazi kwamba lilikuwa tumbo, moyo wake haujambo.